Dirii Isiyo na Mlango

"Laki nne na nusu, mzee Kefa. Hapa, mkononi, kabla sijatoa plaizi mfukoni."

"Fundi, ingia ndani kwanza. Jua linazama."

"Lizame! Kwani ni mara ya kwanza? Nimetoka Kizota asubuhi, basi mpaka Mpwapwa, bodaboda mpaka hapa Gulwe, na kilo kumi na nne za chuma mgongoni. Vumbi nimelila mpaka meno yanasaga. Halafu unanihesabia jua badala ya kunihesabia hela."

Kefa alitazama vilima, akatazama reli, akatazama mlango wa ghala lake. Mtu mzima, tumbo mbele, mashine ya kukamua alizeti ni yake, ng'ombe ni wake, na kidevu kinamtetemeka kama mtoto aliyenyeshewa.

"Hela ipo," alisema kwa sauti ya chini. Akachomoa bahasha mfukoni, nusu tu, akaonyesha unene wake, akairudisha. "Funga kwanza. Ukimaliza nakuhesabia."

"Sifanyi hivyo."

"Sasa tufanyeje?"

"Nafunga pete zote za dirii, naacha moja. Ukishanilipa, nafunga na hiyo. Ndiyo kawaida yangu, haina mjomba wala shangazi. Ukiniona mbaya, nabeba chuma changu narudi."

Kefa alilitazama jua tena. Lilikuwa limebaki kama ukucha.

"Fanya haraka basi," alinong'ona. "Fanya haraka, baba."

Zablon hakuwa mtu wa kuonewa, na hakuwa mtu wa kuonea. Kule Kizota alikuwa na banda la kuchomelea grili na mageti. Hakuna aliyemfundisha, aliharibu vyuma mpaka vikamtii. Hii kazi nyingine ya dirii, mashati ya pete za chuma wanayovaa askari kwenye picha za kale, ilianza kanisani. Kwaya ilikuwa na igizo la Pasaka, wakataka askari wa Kirumi wavae maboksi yaliyopakwa rangi ya fedha. Zablon akakasirika. Maboksi! Akarudi nyumbani, akafungua video kwenye simu, akajifunza. Unazungusha waya kwenye nondo, unaukata, unapata pete. Kila pete unaipitisha kwenye pete nne, unaifunga midomo kwa plaizi mbili. Halafu nyingine. Halafu nyingine, mpaka usiku wa manane, mpaka wiki, mpaka mwezi. Pasaka ilipita kabla hajamaliza hata mkono mmoja, lakini vidole vilikuwa vimeshanogewa.

Halfani, mtu wa Kondoa aliyekuwa na banda la jirani, hakuacha kumtania. "Mrumi," alikuwa akimwita, "mkeo anashona nguo, wewe unashona madirisha. Usiku mtalala vipi, mmoja na uzi, mmoja na waya?"

Kwa miaka minne hakuuza hata dirii moja. Ilikuwa starehe yake, kama wengine wanavyocheza bao. Ndipo Kefa alipofika na gari lake, akaziona zimening'inia ukutani, akazishika pete moja moja kama mtu anayepima ukali wa kisu.

"Hizi mtu hawezi kuzikata?"

"Kwa meno, hapana," Zablon alimjibu.

Kefa hakucheka. Alitaka dirii ya stenlesi, kuanzia shingoni mpaka chini ya nyayo, mikono mpaka kwenye vidole, kifua inchi thelathini na mbili. Isiwe na mlango.

"Bila mlango ataivaaje?"

"Ni sanamu. Utaacha upande wote wa nyuma wazi, utakuja kuishonea pale pale mwilini."

Walikubaliana laki sita. Akatoa laki moja na nusu. Zablon akaacha grili kwa miezi mitatu, na mkewe Anitha akakopa kwenye kikoba, kikundi cha akina mama cha kukopeshana, laki tatu na nusu za waya, kodi ya banda na chakula. Dhamana ilikuwa cherehani yake. Marejesho ni Jumamosi. Leo Jumatano. Jumamosi ikifika mikono mitupu, akina mama wa kikundi wanakuja na mkokoteni, na cherehani inaondoka mbele ya majirani.

Kwa hiyo aliingia ghalani.

Ndani kulinukia mashudu ya alizeti, harufu nzito ya mafuta yaliyolala. Magunia yalipangwa mpaka darini. Katikati, juu ya meza ya mbao, ile sanamu ilikuwa imelazwa kifudifudi, imefungwa shuka jeupe, kichwa kimefunikwa gunia.

"Sanamu ya nini?"

"Ya kanisa."

"Kanisa gani linahifadhi sanamu kwenye mashudu?"

"Fundi... funga."

Kefa hakusogea. Alikaa kwenye ndoo karibu na mlango, huku amewasha tochi, anamulika kutoka mbali. Zablon akamwaga dirii, akaipitisha chini ya sanamu, akaivuta miguu, akaivuta mikono. Nzito, ila si nzito kama jiwe. Si mbao. Aliguna. Labda ni plasta, alijiambia. Labda wameijaza pamba.

Akaanza kwenye visigino. Pete, plaizi, bana. Pete, plaizi, bana. Mikono yake ilijua kazi, ikaenda yenyewe. Akafika kwenye magoti. Nje giza lilishuka, na upepo ukaanza kugongagonga bati. Akafika kiunoni.

Harufu ikabadilika.

Chini ya yale mashudu palikuwa na harufu nyingine. Udongo. Udongo mbichi, wa chini sana, ule unaotoka ukichimba kisima au...

Hakumalizia. Pete, plaizi, bana.

Alipofika katikati ya mgongo aliona pete zinameta, zinafifia, zinameta. Akafikiri ni tochi. "Mzee Kefa, tuliza mkono."

"Nimeiweka tochi chini," alisema Kefa.

Zablon akatazama. Kweli, tochi ilikuwa sakafuni, imetulia, mwanga umenyooka.

Pete zikameta. Zikafifia.

Akaweka kiganja juu ya chuma. Chuma kilikuwa baridi. Kikapanda... kikashuka... kikapanda.

"Mzee Kefa," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa udogo. "Sanamu yako inapumua."

"Funga, fundi."

"Nimesema inapumua!"

"Nimekusikia. Funga."

Kitu kikamgusa gotini.

Mkono ulikuwa umening'inia pembeni ya meza, ndani ya pete. Mkono wa mwanamke. Kiganja kimeota sugu kama cha mtu aliyelima mashamba ya watu kumi, na chini ya kucha kumejaa maganda ya alizeti. Kidole kimoja kilikuwa kinagonga pete kwa ukucha. Polepole. Kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi.

Tik.

Tik... tik.

Zablon alifika mlangoni kabla hajajua kama ameinuka. Akamkaba Kefa shati. "Huyu ni mtu!"

"Alikuwa." Kefa hakujitetea wala kujishikilia. "Ni dada yangu. Emiliana. Tulimzika mwaka juzi, uliza mtu yeyote hapa Gulwe. Kanisa zima lilikuja. Ng'ombe wawili walichinjwa."

"Sasa yule pale ni nani?"

Kefa alifuta jasho kidevuni. Halafu akasema, kama mtu anayejieleza kwa bwana shamba, "Ekari arobaini, fundi. Unafikiri nalimia nini? Vibarua wanakula, wanaugua, wanadai."

Zablon alishasikia habari za misukule tangu alipokuwa akichunga mbuzi. Mtu anazikwa, kumbe kaburini kumewekwa kitu kingine. Mwenyewe yuko shambani kwa aliyemchukua, analima usiku, anakula pumba. Zilikuwa hadithi za kutishia watoto. Hakuna aliyemwambia kwamba wana vidole vya kubisha hodi.

"Ameanza kutoka," Kefa alinong'ona. "Kila magharibi anataka kutoka. Kamba anakata. Mnyororo anavua. Anatembea kuelekea kwa mama, upande wa makorongo kule. Mama mzee, ana presha, akimwona...? Mtaalamu, mganga wangu, ameniambia nitafute chuma kisicho na mlango." Akakunja midomo. "Usiogope maneno yake. Hana ulimi. Ulikatwa siku ile ile tuliyomzika. Hawezi kukusema popote."

Hapo ndipo mtu mwema angetupa plaizi na kukimbia. Hadithi ingekuwa fupi, na Zablon angekuwa anaisimulia kanisani. Lakini aliiona cherehani juu ya mkokoteni. Alimwona Anitha amesimama mlangoni, mikono nyuma, anatazama. Miezi mitatu. Pete elfu kumi na tano na ushee.

Akarudi mezani.

Hakutazama ule mkono. Akafunga mgongo, akafunga mabega, akafika shingoni. Ikabaki pete moja, imeshapita kwenye wenzake wanne, midomo yake wazi. Chini ya gunia, kichwa kilikuwa kimetulia. Kilikuwa kinasikiliza.

"Lipa," alisema Zablon.

Kefa alikuja kwa hatua ndogo ndogo, akanyoosha bahasha. Zablon akahesabu kwenye mwanga wa tochi. Elfu kumi kumi. Akahesabu mara ya pili. Noti kumi na nane, na katikati yao risiti za stoo, zimekunjwa vizuri ili bahasha ivimbe.

"Laki moja na themanini."

"Nyingine mwisho wa mwezi, fundi, nikishauza mafuta..."

"Laki moja na themanini!"

"Funga tu hiyo, nakuomba. Magharibi imepita. Funga, nitakupa ng'ombe..."

Na hapa penye aibu pasifichwe. Ingekuwa kamili, angefunga. Angeibana ile pete, angepokea, angepanda bodaboda. Hakumwonea huruma yule mwanamke. Alimkasirikia mwanamume. Alimtupia Kefa bahasha usoni, noti zikatawanyika kwenye mashudu, na akatoka.

"Ifunge mwenyewe! Kwa meno!"

Hatua ya kumi nje, alimsikia Kefa akihangaika, akihema, vidole vikiteleza kwenye chuma. Hatua ya ishirini, alisikia sauti anayoijua. Ndiyo sauti ya dirii ikivuliwa na kuangushwa chini, kama mahindi yanayomwagwa kwenye debe.

Shhhhhhaaa.

Hakugeuka.

Alipofika nyumbani hakumwambia Anitha kitu zaidi ya kwamba mzee amezingua. Anitha hakugomba, na hilo lilimuuma kuliko kugombezwa. Alifuta cherehani vumbi, akaifunika kitambaa, kama mtu anayemwandaa mtoto kwa safari.

Alhamisi ikapita. Ijumaa, saa kumi jioni, simu ikalia. Zablon akasoma ujumbe, akakaa chini kwenye tofali.

Umepokea Tsh 450,000 kutoka kwa EMILIANA...

Alilisoma lile jina mara tatu. Halafu akili ikamtafutia njia. Kefa ameogopa. Kefa amefikiria, ameona atasemwa, ametuma kwa laini ya marehemu. Wangapi hawatumii laini za marehemu wao? Hela ni hela. Kazi aliifanya, jasho ni lake. Akapiga hatua mpaka kwa wakala, akatoa zote, akampelekea mkewe.

"Baba Brightness!" Anitha alishika mdomo. "Si ulisema amekuzingua?"

"Amerudiwa na akili. Kalipe."

"Kesho?"

"Leo. Kalipe leo."

Alilipa jioni ile ile. Marejesho yote na riba, kilichobaki unga na mafuta. Usiku Brightness alilala na cherehani ikilia pembeni yake, tata-tata-tata, na Zablon akajisikia mwanamume tena. Karibu.

Jumamosi asubuhi alimpigia Kefa. Alitaka kusema asante, kavu, mtu kwa mtu, biashara iishe. Simu ilipokelewa, lakini mwanzo hakusikia mtu. Alisikia mtu anayejitahidi asisikike.

"Mzee Kefa, nimepata ule mzigo wako. Tumemalizana."

"Mzigo gani?"

"Laki nne na nusu. Ya jana."



"Fundi," Kefa alinong'ona, "mimi sijakutumia chochote. Ningekuwa nayo ningekupa siku ile."

"Imetoka kwenye laini ya dada yako."

Kitu kikaanguka upande ule. "Rudisha," Kefa alisema. "Rudisha sasa hivi, fundi, usiitumie, nakusihi..."

"Nimeshaitumia."

Kefa akaanza kulia. Mzee mzima, kilio cha ndani, cha kujifunga mdomo na mkono. "Dirii iko hapa sakafuni. Imefungwa yote! Nimezipitia pete kwa kidole, moja moja. Imefungwa, isipokuwa ile yako moja tu. Kidole changu cha mwisho hakipiti pale. Amepitaje, fundi? Amepitaje pale?"

Simu ikakatika. Alipopiga tena, haikupatikana.

Halfani alimkuta amekaa vile vile. Zablon akamweleza, kwa kukatakata, huku akitazama chini. Halfani hakutania. Mara ya kwanza kwa miaka.

"Sisi Waislamu maiti tukimshusha, tunamfungulia vifundo vya sanda," alisema. "Humo humo kaburini. Ili asibaki amefungwa. Na wewe ndugu yangu... umekwenda kufunga?"

"Sikumaliza."

"Uliacha kwa sababu ya Mungu, au kwa sababu ya hela?"

Zablon aliokota kipande cha waya chini, akakikunja. Saa ile simu ikatetemeka mkononi mwake, wote wawili wakashtuka.

Ujumbe. Namba ile ile ya hela. Umeandikwa kwa herufi ndogo, bila nukta, kama mtu aliyesahau herufi na anazitafuta moja moja.

dirii nyingine ya kefa kifua inchi 46 isiwe na mlango

Halfani alisoma juu ya bega lake. Akarudi nyuma hatua mbili. "Rudisha hela ya watu, Zablon."

"Niitoe wapi?"

"Kopa!"

"Kwa nani? Kikoba hawatanikopesha tena kabla ya mwezi wa tisa. Una laki nne na nusu wewe?"

Hakuwa nayo. Ilipokaribia magharibi Halfani alifunga banda lake mapema, akaenda msikitini bila kuaga.

Zablon alibaki. Angeweza kwenda nyumbani, lakini nyumbani kuna Brightness, na kitu kinachomfuata mtu kinajua njia zote. Bora kimkute hapa. Alivuta geti la banda, akapiga kufuli. Geti lake mwenyewe, nondo za milimita kumi na mbili. Akakaa kwenye stuli, nyundo mapajani.

Umeme ukakatika Kizota nzima.

Mtaani watu walipiga yowe la kawaida la umeme kukatika, wakacheka, wakanyamaza. Pikipiki moja ikapita. Halafu pakatulia. Halafu harufu ikaja... mashudu kwanza. Kisha udongo.

Tik.

Alikaza nyundo.

Tik... tik... tik.

Sauti haikutoka kwenye chuma. Ilitoka nje ya geti, hatua nne hivi, na pale palikuwa na kimwanga kidogo cha bluu. Kitochi. Simu ya vitufe. Mwanamke mwembamba, shuka jeupe limechafuka matope mpaka magotini, ameinamisha uso juu ya simu, anabonyeza kwa kidole gumba. Polepole sana. Mwanga ulimpiga kutoka chini, na mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, mweusi ndani, mtupu kama chungu.

Hakuonekana mkali. Alionekana amechoka. Kama mtu yeyote aliyetembea kutoka Gulwe.

"Dada," Zablon alisema. "Dada Emiliana, mimi sikujua. Nilidanganywa kama wewe. Nipe mwezi... nipe miezi miwili, nitakurudishia hela yako. Yote. Mimi si mwizi, muulize mtu yeyote hapa..."

Tik. Tik.

Simu ikatetemeka mfukoni. Aliitoa, akasoma.

sitaki hela

"Sitengenezi tena hizi! Nimeacha! Nenda kwa fundi mwingine!"

Hapo ndipo yule mwanamke alipoinua uso.

Akamtazama, muda mrefu, jinsi mteja anavyomtazama fundi anayempiga chenga. Kisha akaja mpaka kwenye geti. Hakulishika. Aliweka kiganja chenye sugu katikati ya nondo mbili, mahali ambapo hata mkono wa mtoto ungekwama. Kikaingia. Kifundo kikaingia. Kiwiko kikaingia, taratibu, bila kulazimisha. Bega likafuata, likijipunguza.

Katika mkono ule palikuwa na uzi wa katani. Uzi wa kupimia, umefungwa mafundo mawili. Akauweka juu ya meza ya kazi, akaunyoosha kwa kidole ili usijikunje. Inchi arobaini na sita, sawasawa. Uzi ulikuwa umelowa, na bado una joto.

Halafu akarudi nyuma hatua zake nne, akainama juu ya kitochi, akatafuta herufi.



Simu ikatetemeka.

fundi nimelipa yote nataka mzigo wangu